Kupokezana uendeshaji wa kampeni moja ya D&D: mhusika wa anayeendesha apate nini, na nani mwenye kauli ya mwisho?

MezaYaJumamosi

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wanaojua kupokezana kiti cha mwendeshaji (Dungeon Master, anayesimulia dunia na kucheza maadui) ndani ya kampeni moja, yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi.

Kundi ni la watu watano. Tunatumia toleo la tano la D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), sheria za 2014. Wahusika wote wako ngazi ya 3. Vikao ni kila Jumamosi, kila kimoja kwa muda wa saa tatu. Watatu wako tayari kuendesha, wawili wanataka kucheza tu. Dunia itakuwa moja na wahusika ni walewale. Hatutaki kampeni tatu zinazokwenda sambamba, maana kila moja itakufa ikiwa changa.

Kinachotusumbua ni haki. Mtu anapoendesha, mhusika wake aende na wenzake akiwa mkononi mwa mwendeshaji, au abaki nyumbani? Akibaki, atapata pointi za uzoefu na nyara kama wengine? Awamu ya kila mwendeshaji iwe ndefu kiasi gani? Na mmoja akitafsiri sheria hivi, mwingine akaitafsiri vile, ipi ishike?

---

Dadu_ya_Pande20

Anzeni na kanuni moja: anayegawa asiwe kwenye foleni ya kugawiwa. Simaanishi kwamba waendeshaji ni wezi. Upanga wa uchawi ukianguka mbele ya kundi, na mpiganaji pekee anayeutumia ni mhusika wa mwendeshaji, hata kama aliupata kwa dadu halali kwenye jedwali, wenzake hawana namna ya kulijua hilo. Shaka ikishaingia mezani haitolewi kwa maelezo.

Kwa hiyo mhusika wa mwendeshaji abaki nyumbani. Akienda, mambo matatu huharibika. Anajua majibu yote, kwa hiyo akinyamaza kwenye fumbo ni mzigo, na akisema amelitatua. Kwenye mapigano mwendeshaji anajirushia dadu mwenyewe, upande huu na ule, na wachezaji wanne wanakaa kumtazama. La tatu ni hesabu ya ugumu, ambayo wengi huikosea.

Kwa sheria za 2014, wahusika wanne wa ngazi ya 3 wana kizingiti cha pointi 900 za uzoefu, za maadui kwa jumla, kwa pambano gumu na 1600 kwa pambano la hatari ya kifo. Wakiwa watano ni 1125 na 2000. Chukua zimwi mmoja (ogre), mwenye pointi 450, na goblini sita wa pointi 50 kila mmoja. Jumla ni 750. Maadui wakiwa saba unazidisha kwa 2.5, unapata 1875. Kwa watano hilo ni pambano gumu tu. Kwa wanne ni la hatari ya kifo. Mkizoea kupanga kwa watu watano huku mezani kuna wanne, mtaua wahusika bila kukusudia, na lawama itamwendea mwendeshaji mgeni.

Ili kubaki nyumbani kuwe na maana, hitaji la kwanza ni nyumbani pawepo. Mji wa bandari unafaa sana: kundi linatoka kwa mashua, linafanya kazi, linarudi. Mhusika asiyekwenda analinda mashua, anasoma maandishi waliyoyaokota, au anasikiliza habari sokoni. Na hapa pana sharti gumu: kila awamu iishie nyumbani. Ukimaliza awamu yako wenzako wakiwa ghorofa ya tatu chini ya ardhi, mwendeshaji anayefuata atamtoaje mhusika wake mle ndani, na wako atajitokezaje? Kila suluhisho la hapo lina harufu ya uongo, na wachezaji huisikia.

Kama mhusika wa mwendeshaji ndiye mponyaji pekee, usimburuze kwa sababu hiyo. Wape walioondoka chupa za dawa ya kuponya, mbili kwa kila kikao. Kila chupa inarudisha dadu mbili za pande 4 jumlisha 2, yaani wastani wa 7. Inatosha kumwinua mtu aliyeanguka, na hilo ndilo linalohitajika katikati ya mapigano.

Kuhusu ngazi: wote wapande pamoja, siku moja, hadithi ikifika mahali mlipokubaliana, bila kuhesabu pointi za uzoefu. Msimwache aliyekuwa akiendesha nyuma. Tofauti ya ngazi moja kati ya 3 na 4 inavumilika. Kati ya 4 na 5 haivumiliki: kwenye 5 mpiganaji anashambulia mara mbili kwa zamu badala ya moja, mchawi anapata mpira wa moto wa dadu nane za pande 6, na bonasi ya umahiri inatoka +2 kwenda +3. Mtu aliyejitolea kuwaendeshea vikao vitatu anarudi na mpiganaji mwenye nusu ya nguvu ya wenzake. Hiyo ni adhabu kwa kufanya kazi ya kundi.

---

NyaraZaWote

Naunga mkono yote ya juu isipokuwa la kufuta pointi za uzoefu. Kuna makundi yanayopenda kuzihesabu, na zinahesabika vizuri tu hata mkipokezana, mradi pointi ziwe za kundi. Gawa kwa watano kila mara, hata mezani wakiwa wanne. Ila jihadharini na kosa moja: ule mzidisho wa idadi ya maadui ni wa kupima ugumu tu, haugawiwi. Pambano la zimwi na goblini sita linatoa 750, si 1875. Kwa watano ni 150 kila mtu. Kutoka ngazi ya 3, pointi 900, hadi ya 4, pointi 2700, unahitaji 1800, yaani mapambano 12 ya aina hiyo. Mwendeshaji anayegawa 1875 anamaliza safari hiyo kwa mapambano matano. Mkiwa na mmoja anayekosea hivi na wawili wanaohesabu sawa, wachezaji watamwona mmoja mkarimu na wawili mabahili, kumbe ni kosa la hesabu.

Nyara ndizo ngumu zaidi. Kila mwendeshaji anataka awamu yake ikumbukwe, kwa hiyo kila mmoja anatoa kitu kikubwa kuliko aliyemtangulia. Baada ya awamu tatu kundi la ngazi ya 4 linatembea na silaha za ngazi ya 10, na hakuna adui anayewatosha. Wekeni kikomo kwa maandishi. Kwa ngazi ya 1 hadi 4 ningesema: kila awamu kitu kimoja cha uchawi cha kudumu cha daraja la "kisicho cha kawaida" (uncommon), na viwili vya kutumia na kuisha. Kitu adimu (rare, daraja linalofuata juu) kisitoke bila waendeshaji wengine kuridhia.

Na someni daraja la kitu chenyewe, msikadirie kwa jicho. Silaha ya +1 ni kitu kisicho cha kawaida. Deraya ya +1 ni adimu, daraja moja juu, ingawa namba ni ileile. Kinga inayopanda inapunguza mapigo ya kila adui katika kila pambano, hadi mwisho wa kampeni. Ngao ya +1 nayo iko daraja moja na silaha, si adimu. Mwendeshaji asiyejua hili anatoa deraya akidhani ametoa sawa na upanga. Kumbukeni pia kwamba vitu vinavyohitaji kufungamana na mhusika vina kikomo cha vitatu kwa mtu, kwa hiyo anayelimbikiza analimbikiza asivyoweza kuvitumia.

Nani achukue? Tumieni orodha kama ya upatu. Majina matano kwa mpangilio wa dadu. Kitu cha kudumu kikipatikana, wa kwanza anaamua: achukue, au apishe. Akichukua, anakwenda mwisho wa orodha. Akipisha, anabaki alipo. Mwendeshaji aliye kitini anarukwa *lakini hapotezi nafasi yake*. Hili la pili ndilo linaloifanya orodha ifanye kazi. Akiruhusiwa kuchukua, anajigawia. Akipelekwa mwisho, kuendesha kunamgharimu, na baada ya muda hakuna atakayejitolea. Akishikiliwa nafasi, anaitumia kwenye awamu ya mwenzake, ambako hana mkono katika kinachotoka.

Sarafu gaweni mafungu sita: watano fungu moja moja, la sita mfuko wa kundi. Huo mfuko una kazi. Kuhani wenu akifika ngazi ya 5 ataweza kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja, lakini anahitaji almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu, na zinateketea. Anunue nani? Kama ni mfuko wa mtu binafsi, mtaanza kujadili nani anastahili kurudishwa, na mjadala huo haufai kufanyika.

---

BahashaMbili

Habari zenu kutoka Nairobi. Mie nina neno kuhusu urefu wa awamu na kuhusu umiliki wa dunia.

Awamu isipimwe kwa kalenda peke yake. Ukisema vikao vitatu kamili, hadithi ya vikao viwili itavutwa, na ya vikao vinne itakatwa. Semeni hivi: awamu ni hadithi moja yenye mwisho, lengo vikao vitatu, kikomo vitano. Kikao kimoja kimoja hakifai. Kwa saa tatu mnapata mapambano mawili na mazungumzo kidogo, na kila Jumamosi wachezaji wanaanza upya kuzoea sauti nyingine. Kwa waendeshaji watatu na vikao vitatu kila mmoja, ukishamaliza una Jumamosi sita za kucheza na kuandaa hadithi yako ijayo polepole. Hiyo ndiyo faida halisi ya kupokezana, maana anayeendesha peke yake mwaka mzima huchoka.

Lakini Jumamosi sita ni muda wa kusahau pia. Ukikabidhi kiti, andika ukurasa mmoja, usizidi: walipo, wanaodaiwa na wanaowadai, nani ana hasira nao, kitu gani kimeachwa wazi.

Mpangilio: mzoefu aanze, kwa sababu maamuzi ya mwanzo ndiyo yanayokuwa mazoea. Mgeni zaidi akae katikati. Akiacha kitu kimelegea, wa tatu anaweza kukikaza bila kumwaibisha. Kwenye chama cha pesa hofu ni yule aliyepokea mapema akatoweka. Huku ni yule aliyecheza awamu mbili na yake ikifika "hayuko tayari". Jina la anayefuata lijulikane awamu moja kabla, na akishindwa aseme kabla ya kikao cha mwisho cha aliye kitini, ili asiachiwe kiti kwa mshtuko.

Sasa dunia. Ardhi igawanywe. Mmoja ana mji na watawala wake, wa pili visiwa na wafanyabiashara wa baharini, wa tatu bara na magofu. Unaweza kupeleka kundi kwenye eneo la mwenzako, na unaweza kuazima watu wake, kwa masharti matatu: usiwaue, usifichue siri zao, usibadilishe wanachokitaka. Mfanyabiashara wake anaweza kukuuzia ramani kwenye awamu yako. Hawezi kugeuka jasusi kwa sababu tu ulikosa jasusi. Lingine: lililotokea mezani limetokea. Usianze awamu kwa kusema ile vita ya mwezi uliopita ilikuwa ndoto. Kama mwenzako alimpa mhusika cheo, kiheshimu hata kama kinakubana.

Siri ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu mwendeshaji wa leo ni mchezaji wa kesho. Kila mwendeshaji aandike siri zake kubwa, tatu au nne, kwenye bahasha iliyofungwa, na kwenye bahasha ya pili aandike kinachotakiwa kujulikana na waendeshaji wenzake tu ili wasizivunje bila kujua. Mfano, "msimuue mzee wa bandari, ana kazi mbele", bila kusema ni kazi gani. Bahasha ya kwanza inafunguliwa ikiwa mwenyewe ameacha mchezo moja kwa moja.

Mambo haya si mageni. Ars Magica ya mwaka 1987, mchezo mwingine wa aina hii kuhusu wachawi, ilijengwa hivi tangu mwanzo: kila mchezaji ana mchawi wake na mwandani wake, askari na watumishi ni wa kundi zima, na usimulizi unapokezanwa. Anayesimulia, mchawi wake anabaki maabara akifanya utafiti, na utafiti huo ni maendeleo halisi kwenye karatasi yake. Hilo mnaweza kuliiga: mhusika aliyebaki nyumbani apewe kazi moja yenye matunda kila awamu, kama kujifunza lugha, kupata rafiki mmoja wa maana, au kunakili uchawi mmoja kitabuni. Kitu kidogo kinachoonekana kwenye karatasi.

---

MezaYaJumamosi

Asanteni sana, la orodha ya kushikiliwa nafasi limenitatulia jambo kubwa. Yamebaki mawili: tofauti za sheria, na wale wawili wasiotaka kuendesha. Kuna anayesema si haki wacheze bila zamu.

---

Daftari_la_Maamuzi

Sheria kwanza. Mezani kauli ya aliye kitini inasimama, bila mjadala wa zaidi ya dakika mbili. Baada ya kikao jambo linaandikwa daftarini, watano wanapiga kura, na matokeo yanawabana waendeshaji wote kuanzia kikao kinachofuata. Hakuna kurudi nyuma kurekebisha pambano lililopita.

Msisubiri migogoro, kuna mambo yanayojulikana kuwa yataleta shida. La kwanza ni matoleo. Mmesema 2014, vizuri, lakini mmoja wenu akinunua vitabu vya 2024 au akisoma mtandaoni, atachanganya bila kujua. Kunywa dawa ya kuponya kwenye 2014 ni tendo zima la zamu yako (action), kwenye 2024 ni tendo la ziada (bonus action). Aliyeshtukizwa kwenye 2014 hafanyi kitu kwenye zamu yake ya kwanza; kwenye 2024 anarusha dadu ya kupanga zamu kwa udhaifu tu, yaani anarusha mbili na kuchukua ndogo. Ni michezo miwili tofauti kwa mtu anayeviziwa. Kama hakuna vitabu vya kutosha, sheria za msingi za 2014 zilitolewa mwaka 2023 kwa leseni huria ya Creative Commons, mnaweza kuzipakua na wote mkawa na maandishi yaleyale.

La pili, 20 kamili, yaani dadu ya pande 20 ikionyesha 20 yenyewe. Kwa sheria hizo inafanikiwa yenyewe kwenye shambulio, si kwenye jaribio la kupanda ukuta au kumshawishi mtu. Waendeshaji wengi huikubali kote. Chagueni moja.

La tatu ndilo zito: je, adui anampiga aliyekwisha anguka? Mhusika ambaye pointi zake za uhai zimefika sifuri anarusha dadu ya kifo, ya pande 20, kila zamu yake. 10 au zaidi ni fanikio, chini yake ni kushindwa, na kushindwa mara tatu ni kufa. Akipigwa akiwa chini anaongezewa kushindwa kumoja. Pigo likitoka kwa aliye karibu, ndani ya futi 5, linahesabiwa kuwa pigo kamili (critical hit), na hapo ni kushindwa kuwili. Kwa hiyo goblini wawili wakimgeukia aliyelala wanaweza kumaliza habari kabla hajarusha dadu hata moja. Mwendeshaji mmoja akifanya hivyo na mwingine asifanye, aliyekufa ataamini kuna kisa. Ongezeni kwamba huenda aliyekufa ndiye atakayeendesha mwezi ujao, na kila kifo cha awamu yake kitaonekana ni kisasi. Kubalianeni kabla. Pendekezo langu: wanyama wenye njaa na maadui wenye amri ya kuua wanapiga, wengine wanahamia kwa aliyesimama. Na mtu akishafika sifuri, dadu zote za mwendeshaji zirushwe mbele ya watu.

Wale wawili: msiwalazimishe. Anayeendesha kwa kushurutishwa anaharibu vikao vitatu vya wenzake. Lakini kazi ya mwendeshaji ina vipande ambavyo si usimulizi, na hivyo vinagawika. Mmoja ashike zamu za mapigano na pointi za uhai za maadui. Mwendeshaji anampa namba, yeye anaita nani anafuata. Kazi hiyo peke yake inampunguzia mwendeshaji kelele nyingi kichwani, hasa mgeni. Wa pili awe mwandishi: daftari la maamuzi, orodha ya nyara, mfuko wa kundi, na muhtasari wa mistari kumi kila kikao. Kupanga tarehe na kukumbusha watu mpeni yeyote kati yao, asibaki nako mwendeshaji.

Jambo moja hakuna aliyeligusa: muda wa kusikika. Mwendeshaji akiwa na rafiki wa karibu mezani, humpa macho bila kukusudia. Mwandishi achore safu nne, moja kwa kila mchezaji, na kuweka alama kila uamuzi mkubwa wa tukio unapokuwa wa mchezaji fulani. Kwa saa tatu kila mtu apate angalau mmoja. Wakati wa mapumziko mwendeshaji aangalie karatasi. Safu tupu anaianzia kipindi cha pili, kwa kumuuliza mhusika huyo jambo linalomhusu yeye, kwa jina, kabla ya wengine kusema.

---

MezaYaJumamosi

Nimeelewa. La mwisho: mwendeshaji akiugua katikati ya awamu, kundi likiwa mbali na nyumbani?

---

BahashaMbili

Msiendeleze hadithi yake, isimamisheni hapo hapo. Kila mwendeshaji awe na kikao kimoja cha akiba kinachochezeka wakati wowote na kurudi palepale: wahusika wapya wa ngazi ya 1, watu wa mjini, wenye jambo dogo la usiku mmoja. Karatasi nne za wahusika ziwe zimeshajazwa, na sifa sita za kila mhusika zipangwe kwa 15, 14, 13, 12, 10 na 8 ili msipoteze saa kurusha dadu. Kikao hicho hakihesabiwi kwenye awamu ya mtu, na orodha ya nyara haisogei.

Akikosa wiki tatu mfululizo, mwenzake anayefuata anaanza awamu yake, na aliyeugua akirudi anaingizwa mara tu baada yake. Kundi lililo njiani linarudishwa bandarini kwa sentensi moja tu, bila pambano na bila hasara.

---

NyaraZaWote

Na vitu walivyokwisha okota njiani vinabaki kwao, isipokuwa ambavyo mgonjwa atasema ni sehemu ya siri. Hivyo viwekwe sandukuni bila kufunguliwa hadi arudi.